Maisha ya Padri Magunia, Aliyelirudisha Paa la Kanisa

Mama yake alikuwa mfua magunia, na ndivyo ukoo wake wote ulivyojulikana. Alizaliwa tarehe 11 Februari 1946, katika chumba kimoja chenye mlango wa turubai, nyuma ya kiwanda cha saruji kilichokuwa chini ya mlima wa mawe meupe. Siku hizo saruji iliuzwa kwenye magunia ya kitambaa, na magunia matupu yalirudi kiwandani. Wanawake waliyageuza ndani nje, wakayakung'uta, wakayafua kwenye mapipa na kuyaanika, na kila mmoja alilipwa kwa gunia lililopita mikononi mwa msimamizi bila kuonekana tundu. Vumbi la saruji likikutana na maji hula ngozi. Viganja vya mama huyo vilipasukapasuka hata akawa anamshika mwanawe kwa nyuma ya mikono. Shati la kwanza la mtoto lilishonwa kwa gunia lililokataliwa, na mhuri wa Kampuni ukabaki mgongoni. Watoto wenzake wakamwita Magunia, na jina likaganda. Alipopata upadre liliandikwa jina lingine kwenye karatasi, lakini hata Askofu, katika barua moja ya karipio, alijisahau akaandika "Padri Magunia", kisha akakata kwa mstari.

Baba yake alikuwa mpakiaji. Alikufa kwa kikohozi akiwa na miaka thelathini na tisa, na Kampuni ikaleta jeneza pamoja na gunia moja la saruji la kuzibia kaburi. Mjane alipiga magoti mbele ya karani aliyeleta vitu hivyo, akasema, "Asante sana, bwana." Mtoto alikuwa amesimama pembeni, ana miaka minane. Uzeeni alikuja kuwaambia mapadri wenzake kwamba kilio cha msiba ule alikwisha kukisahau, lakini ile asante bado ilikuwa ikimwasha masikioni.

Katekista mmoja kiwete alimfundisha kusoma, akamwona ana sauti na ana subira, akamwandikia barua ya kwenda seminari. Taarifa zake za masomo zipo mpaka leo na hazimsifu kupita kiasi: uimbaji, mzuri, Kilatini, kibovu, tabia, mtiifu mno. Neno hilo "mno" aliliandika gombera, mkuu wa seminari, mwenyewe. Alipewa upadre tarehe 18 Agosti 1974, na mwaka 1981 akarudishwa kwao kuwa paroko wa kanisa lile lile chini ya mlima, ambako mama yake, sasa mzee wa mikono mibovu, alikaa benchi la tatu kila asubuhi.

Sasa tuseme kweli, maana mtakatifu asiye na kosa ni sanamu, na sanamu haifundishi mtu. Kwa miaka kumi na saba Padri Magunia alikuwa mchungaji mwema na alikuwa kimya. Alizika wapakiaji waliokufa kwa kikohozi kile kile kilichomuua baba yake, na mahubiri yake makaburini yalikuwa juu ya subira. Kampuni ilipowasha tanuri jipya mwaka 1985, yeye ndiye aliyelibariki, na watu walicheka kwamba maji ya baraka yalikauka hewani kabla hayajalifikia. Halafu mwaka 1989 dhoruba iliezua paa la kanisa, na katika wiki tatu Kampuni ikaleta mabati mapya ya buluu, misumari, mafundi, na kibao cha shaba cha kupachika mlangoni. Jumapili ya kulizindua, kati ya Misa ya kwanza na ya pili, Afisa Uhusiano wa Kampuni aliingia sakristia na karatasi. Padri alikuwa ameshavaa kasula. Miwani yake aliiacha juu ya mimbari. Kwaya ilikuwa imeshaanza wimbo wa kuingilia.

"Ni stakabadhi tu, Baba," Afisa alisema, akaiweka juu ya kabati la mavazi, akampa kalamu.

Padri akasaini, akatoka kuadhimisha Misa. Tangu siku hiyo, kila Jumapili kabla ya matangazo, majina ya wafadhili yaliposomwa kama ilivyo desturi, Kampuni ilitajwa ya kwanza, mbele ya wajane wa sarafu mbili mbili.

Mwaka 1998, mwezi wa tatu, mto ulitoka kwenye njia yake ukaingia mitaa ya chini. Nyumba mia moja na sitini zilikwenda. Watu wakahifadhiwa kwenye madarasa ya shule ya msingi, familia kwa familia, zimetenganishwa kwa madawati yaliyosimamishwa wima, na watoto wa shule wakabaki bila shule. Kanisa lilileta unga, Shehe wa msikiti wa sokoni alileta masufuria na wapishi, Mchungaji wa kanisa la kilokole la ng'ambo ya reli alileta mablanketi na ngazi za kuokolea vitu darini. Wiki ya kwanza mikono ilikuwa mingi. Kufikia wiki ya sita kila mtu alikuwa ametoa alichokuwa nacho na alichokopa, na wagonjwa wa kuhara walikuwa wamejaza darasa la saba. Maji yalikuwa yamewafika shingoni, na safari hii si maji ya mto.

Katika darasa la nne, chini ya ubao, alilala mama mmoja muuza vitunguu, mjane, mwenye ulimi ambao hata polisi waliukwepa. Asubuhi moja Padri alimkuta akifunga kanga, akamwuliza hali.

"Hali unaiona, Baba. Nimelala juu ya dawati, nimeamka, ninakwenda kutandika vitunguu vyangu, na mtoza ushuru atakuja. Jana nimemwambia, mwanangu, nyumba imekwenda na maji. Akanijibu, mama, ushuru haujui kuogelea lakini haujazama. Nikalipa. Sasa niambie wewe uliyesoma: wale wa mlimani wanalipa ushuru gani?"

"Wametupa paa la kanisa, mama."

"Sikuuliza wametoa nini. Nimeuliza wanalipa nini."

Siku ile ile Padri alikwenda ofisi za halmashauri, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi mchana, mpaka karani wa kumbukumbu akachoka kumtazama na kumfungulia jalada. Kampuni ilikuwa imesamehewa kodi ya mji kwa miaka kumi ili ipate nguvu. Miaka kumi ilipokwisha, ikasamehewa mingine kumi. Ilipokwisha hiyo, ikasamehewa tena, na safari hiyo hata sababu haikuandikwa. Mlima ulikuwa umemegwa nusu, na mji haukuwa na hela ya kuwanunulia mahema watu waliofurikwa. Alitoka pale, wanasema waliomwona, akitembea kama mtu aliyesahau alikotoka.

Aliwaita Shehe na Mchungaji kwenye bomba la shule, mahali pekee palipokuwa na kivuli na nafasi ya watu watatu kukaa. Hawakuwa marafiki kabla ya hapo. Walikuwa wakisalimiana kwa heshima na kupimana kwa vipaza sauti. Siku hiyo waliandika barua moja yenye saini tatu, wakiitaka halmashauri iweke tozo kwa makampuni makubwa, si kwa genge wala kwa kioski, na fedha yote iende kwenye mfuko wa maafa wa mji, uanze na watu wa madarasani. Mchungaji aliuliza kama ni kazi ya watu wa Mungu kudai kodi. Shehe akamjibu kwamba masufuria yake yamekauka, na kama Mchungaji ana mana inayoshuka asubuhi, aseme anakoificha.

Halmashauri ilipanga kikao cha wazi tarehe 6 Mei. Ukumbi ulijaa hadi dirishani. Afisa Uhusiano alizungumza kwa upole, maana upole ndio mshahara wake. Alisema Kampuni haijawahi kukataa kusaidia. Kwamba msaada wa hiari una upendo na kodi haina. Kwamba anayetaka ushahidi ainue macho atazame paa la kanisa. Kisha akatoa karatasi mfukoni akaisoma. Ilisema kwamba parokia inatambua Kampuni imetimiza wajibu wake wote kwa jamii, kwamba viongozi wake hawataunga mkono kodi wala tozo yoyote juu yake, na kwamba ahadi hiyo ikivunjwa, msaada utarudishwa kwa mtoaji. Chini yake, saini ya paroko.

Vicheko vilianzia viti vya mbele. Lakini wahenga walishasema, ukila na kipofu usimshike mkono, na hapo ndipo Kampuni ilipoushika. Padri Magunia alisimama.

"Saini ni yangu," alisema. "Niliiweka bila kusoma, nikiwa na nguo za Misa mwilini. Niliuza mdomo, na mdomo wenyewe haukuwa wangu peke yangu. Nimekosa."

Mwenyekiti wa halmashauri alidhani mambo yamekwisha. "Kwa hiyo, Baba, unaondoa saini yako kwenye barua ya tozo?"

"Hapana. Naondoa paa."

Kikao kiliahirishwa hadi tarehe 27 Mei. Jumapili iliyofuata Padri alipiga magoti chini ya altare, akiwaelekea waumini, akalikiri kosa lake kwa sauti, akawaomba idhini ya kuyarudisha mabati. Asidhani mtu kwamba walishangilia. Mwenyekiti wa parokia, fundi cherehani, mtu wa haki na wa hasira za haraka, alisimama kabla ya Padri hajanyanyuka.

"Baba, tuheshimiane. Hilo paa si lako. Wewe Askofu akikasirika utahamishwa, utakwenda kukaa chini ya paa lingine. Sisi ndio tutakaonyeshewa. Umekosa, sawa, umetubu, sawa. Funika kombe mwanaharamu apite!"

"Na kinanda?" aliuliza mwalimu wa kwaya, karibu kulia. "Kinanda tutakifunika na kombe gani?"

Kanisa likawa soko. Ndipo yule muuza vitunguu akasimama kutoka benchi la nyuma, na kelele zikapungua zenyewe, maana kila mtu alitaka kusikia nani atachomwa.

"Mnaogopa kukaa bila paa? Mimi hii ni wiki ya nane. Sijafa, na sauti hii mnaisikia. Njooni niwafundishe, masomo yangu ni bure. Na hao jamaa wa mlimani, wakituuliza mbona tunadai, wanatuonyesha paa. Basi tuliondoe, tuone wataonyesha nini."

Aliyeafiki alitakiwa asimame. Walisimama wa nyuma kwanza, kisha wa katikati, kisha mama yake Padri akashikwa mabega na kuinuliwa. Fundi cherehani alisimama wa mwisho kabisa, akisema wasimwelewe vibaya, amesimama kwa sababu amechoka kukaa.

Jumatatu tarehe 11 Mei kazi ikaanza. Mchungaji alikuja na ngazi zake, Shehe akaja na seremala wa msikiti, na Padri mwenyewe akapanda na nyundo ingawa alikuwa na miaka hamsini na miwili na kizunguzungu.

"Padri, shuka," Shehe aliita kutoka chini, akiishika ngazi. "Ukianguka hapa nitaambiwa nimekusukuma."

"Nikianguka, Shehe, nizike wewe, hawa wangu wana hotuba ndefu."

"Nikikuzika mimi utaamka upande wetu, halafu ugomvi utakuwa mkubwa kuliko huu wa mabati."

Kila msumari ulichomolewa, ukanyooshwa, ukatiwa kwenye kopo, maana Padri aliagiza kwamba kisibaki kitu. Hata kibao cha shaba kilisuguliwa kabla ya kurudishwa. Siku ya tatu walibeba, watu wawili kwa kila bati, kutoka kanisani hadi lango la kiwanda. Kwaya ilitaka kuimba, akawakataza: "Hatuendi kushangilia. Tunarudisha mali ya watu." Mlinzi wa lango alitoka akaona msururu wa buluu usioishia, akavua kofia.

"Baba, sijaagizwa kupokea kitu."

"Basi andika kwamba umeletewa."

Mlinzi alichana karatasi kwenye daftari lake la zamu, akaandika idadi na tarehe. Padri alitoa miwani, akaivaa, akasoma, akarudia kusoma kwa kidole, watu wote wamesimama juani.

"Baba, ni mistari miwili tu," mlinzi alisema.

"Ile nyingine nayo niliambiwa ni stakabadhi tu," Padri akamjibu, ndipo akasaini.

Yalifuata majaribu, na aliyebeba zito zaidi hakuwa yeye. Wiki hiyo hiyo Kampuni iliwaachisha kazi wapakiaji kumi na wawili, wote wa parokia, bila kueleza. Mke wa mmoja wao alimkuta Padri njiani akamtemea mate kwenye kandambili. "Una haki," Padri alimwambia. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake, nusu ya posho yake ilikwenda kwenye nyumba hizo kumi na mbili kwa zamu, na hakuna aliyejua mpaka wake wa wapakiaji walipolinganisha maneno matangani kwake. Askofu naye aliandika ile barua ya karipio. Padri aliibandika mlangoni, pale kilipokuwa kibao, ili waumini waisome na waamue wenyewe.

Wapo wanaosimulia kwamba katika Jumapili mbili za kanisa wazi mvua ilinyesha mitaa yote isiguse altare. Si kweli, na marehemu asiongezewe asichokuwa nacho. Mvua ilinyesha ndani, ikaloanisha kasula, ikaingia kwenye kinanda kilichovikwa turubai, na kinatoa sauti ya bata hadi leo. Ajabu yenyewe ni kwamba hakuna aliyeondoka kabla ya baraka, na Jumapili ya pili walikuja wengi kuliko ya kwanza, wakiwamo Waislamu waliosimama nje ya ukuta wakiwashikia wazee miavuli.

Tarehe 27 Mei Afisa Uhusiano alisimama tena ukumbini, na safari hii hakuwa na paa la kuonyesha. Akatoa silaha ya pili: mkiongeza mzigo, tutahamisha kiwanda. Madiwani walitazamana, wengine walikuwa na watoto wao kwenye orodha ya mishahara ya Kampuni. Padri Magunia aliomba nafasi, akasema maneno ambayo wazee wa mji ule bado wanayasema kama methali: "Kiwanda kinahamishika. Mlima je?" Kisha akakaa. Kura zilikuwa kumi na moja kwa tisa. Tozo ikapita, lakini kiwango kilikuwa kimekatwa nusu kwenye kamati, faraghani, na majina ya waliokikata yanajulikana na hayajasahauliwa.

Nusu hiyo ndiyo iliyonunua mahema, dawa, na baadaye matofali. Tarehe 14 Septemba muuza vitunguu alihama darasa la nne, baada ya kulifagia na kufuta ubao, na kesho yake watoto wakaingia kusoma. Kanisa lilikaa chini ya turubai hadi mwaka 2000, likaezekwa bati moja moja kwa michango ya jumuiya.

Mwaka 2001 mto ulirudi. Safari hii mfuko ulikuwepo, na watu walipanga foleni mbele ya ghala la halmashauri. Katika foleni ile alisimama Afisa Uhusiano, aliyekuwa ameachishwa kazi, amemshika mkono mama yake mzee, aliyepoteza nyumba. Mji mzima ungemzomea. Padri aliwapelekea magodoro mwenyewe, la mama kichwani, la mwana kwapani. Yule bibi kizee akaanza kupiga magoti amshukuru, Padri akamdaka viwiko kabla magoti hayajagusa ardhi, kwa nguvu iliyowashangaza wote.

"Hapana, mama. Hapa hatusemi asante. Tunasema zamu yangu imefika."

Kifua kilichomuua baba yake kilimpata na yeye. Alilala tangu Mei 2003 katika chumba chake cha kitanda, meza na ndoo, na Shehe alikuja kila alasiri kumsomea magazeti, akigombana na waandishi kwa niaba yake. Tarehe 3 Juni pumzi zilikuwa fupi. Sista muuguzi aliinama akamwambia asali.

"Nasali," alisema. Kisha, akimtafuta Shehe kwa macho: "Tozo ya robo hii, wamelipa?"

"Wamelipa, ndugu yangu. Lala," Shehe akamjibu. Akafumba macho, na kabla ya jua kuzama alikuwa amekwenda.

Hawakuwa wamelipa. Walikuwa na miezi miwili wakizungusha, na Shehe alijua. Alimsindikiza rafiki yake hadi kaburini, akaomba toba kwa uongo alioutamka kitandani kwa mgonjwa, kisha akaenda halmashauri, akaketi kwenye benchi la nje ya ofisi ya mapato, akasema haondoki mpaka neno lake kwa marehemu liwe kweli. Siku ya pili Mchungaji alikuja kukaa naye, siku ya tatu wakaja mama wa vitunguu na fundi cherehani. Siku ya nne, saa tano asubuhi, Kampuni ililipa.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, na huenda lisimtangaze kamwe. Wenye kuandika maombi ya namna hiyo wanahitaji wafadhili. Watu wake hawakungoja. Wanaotaka kumuiga wasihangaike na mishumaa. Mwaka huu ombi la kuifuta tozo limerudi mezani, lina karatasi nzuri na maneno ya upole, na kikao ni Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao. Milango hufunguliwa saa tatu. Benchi lile bado lipo, linakaliwa na watu wanne wakibanana, na viti vya ndani ni vya yeyote atakayewahi.